Moto Uliovuka Mulongwe

Kwetu iko katikati ya mito miwili: Mulongwe upande wa Kavimvira, Kalimabenge upande wa Kalundu. Mashariki ni ziwa, magharibi ni mulima. Wakati Baba alikuwa hai sikuona kama ile ni uzio. Niliona baadaye, dada yangu Laure alipoanza kutembea kutoka muto mpaka muto kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Laure ni mukubwa wetu, tunamuita yaya. Alisoma Bujumbura, akarudi, akapata kazi kwenye shirika moja la maji hapa mujini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani kuona robine gani inatoa maji na gani imekauka. Kisha akaingia masomo ingine ambayo hakuna muntu wa avenue yetu aliyaelewa. Ni masomo ya namna serikali inapanga mambo ya watu: maji, shule, barabara, soko, nani anaamua na nani anabeba matokeo. Yanaitwa siasa ya umma. Na si universite moja, ni mbili. Mwaka wa kwanza ni wa Dakar, unasoma kwa internet. Mwaka wa pili ni wa Ubelgiji, na kule lazima ufike na miguu yako. Mwishoni wanakupa diplome mbili.

Siku alipotueleza, shangazi Ernestine, dada ya Baba, alikuwa anachagua maharagi kwenye lungo.

“Siasa?” akasema. “Wanasiasa tuko nao tele, na hata mumoja hajatuletea maji.”

“Shangazi, si siasa ya kuchaguliwa. Ni kujifunza namna ya kupanga.”

“Na diplome mbili? Weye uko na ukuta ngapi za kutundikia?”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Yaya akaeleza kwamba hizo diplome zinaenda pamoja. Ukimaliza mwaka wa kwanza na usifanye wa pili, hawakupe hata ile ya kwanza. Shangazi akaweka lungo chini.

“Aa, sasa nasikia. Ni mapacha. Hauvalishe mumoja ukaacha mwenzake uchi. Mwenye kutunga hiyo sheria ni muntu wa huku.”

Tangu siku ile, nyumbani hakuna aliyesema tena diplome. Tulisema Mapacha. Baba akimukuta yaya ameinamia telefone alikuwa anauliza, “Mapacha wamekula?” Naye anajibu, “Wananyonya bado, Baba.”

Mwaka wa kwanza aliusomea Kavimvira, karibu na mupaka, kwa sababu pale rezo ya telefone ya Burundi inashika vizuri kuliko ya kwetu. Mama Iradukunda, rafiki ya Mama tangu ujana wao, anauza unite za telefone na kubadilisha feza chini ya mwavuli mukubwa pale. Yaya alikuwa anakaa nyuma yake juu ya bidon, dumu la maji, amejifunika kitenge kichwani ili jua lisizibe kioo cha telefone. Wanawake wenye kuuza nyanya wanapita, malori yanapiga honi, dwaniye wa ushuru wanabishana na watu. Siku moja profesere wake aliuliza kule Dakar hiyo fujo ni ya nini. “Ni fronteri, profesere,” akajibu. Profesere akasema asizime mikro, wanafunzi wengine wasikie.

Kazi kubwa ya mwaka ule aliiandika juu ya mabidon. Kwetu, maji ya robine hayaji kila saa. Kwa hiyo muntu anapeleka bidon yake asubuhi, anaiweka kwenye mustari, anaenda shambani au sokoni. Hakuna mulinzi. Bidon inakaa pale peke yake, na hakuna anayeruka mbele yake wala kuiiba. Yaya alitaka kujua kwa nini watu wanaokwepa sheria zote za serikali wanatii ile ya bidon. Aliuliza wanawake wengi. Mumoja alimujibu: “Juu kesho ni bidon yangu njo itabaki peke yake.” Yaya aliandika jibu hilo, na wakamupa pointi nyingi. Shangazi aliposikia akasema, “Kumbe Ulaya inakungojea juu ya mabidon! Si wangeniuliza minye?”

Visa ilitoka. Tikiti ya ndege ilikuwa ya kutokea Bujumbura, mwishoni mwa mwezi wa kenda. Kule walisema wazi: asiyefika masomo yakianza, nafasi yake inafungwa.

Mwezi wa nane, asubuhi, Baba alianguka akiwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuamka tena. Jina lake lilikuwa Bruno, na mutaa wote ulimulia.

Sasa nieleze jambo la ukoo wetu, kwani kila nyumba ina yake. Muntu akifa, tunawasha moto wa kilio uwanjani. Ule moto hauzimike. Unalishwa kuni mpaka siku ya kufunga kilio, na mwenye kuuzima ni kaka mukubwa wa marehemu, hakuna mwingine. Anamwaga maji, anafagia majivu kwa tawi, kisha kila muntu anaweza kurudi kwa mambo yake. Kabla ya hapo, watoto wa nyumba waliolala kando ya ule moto hawavuke maji. Hata kijito. Wakivuka, kifo kinachofuata ndani ya nyumba kiko juu ya kichwa chao.

Kaka mukubwa wa Baba ni baba mukubwa Gaspard. Anakaa Runingu, kule kwenye uwanda wa Ruzizi, na wakati ule uwanda ulikuwa umejaa watu wa bunduki. Barabara ilikuwa imekatwa. Wanawake wenye mizigo walikuwa wanapita kwenye njia za mashambani, lakini mwanaume akionekana anakamatwa abebe masanduku ya risasi. Na baba mukubwa ni muzee, goti lake limekufa.

Tuliposema “wiki ijayo atafika” mara ya kwanza, yaya alikuwa bado anatabasamu. Alipanga nguo zake kwenye valizi, akazipanga tena. Halafu wiki zikaanza kufanana. Chadrack, mudogo wetu, shule yake iko ngambo ya Mulongwe, basi akakaa nyumbani anachora mipaka ya mpira kwa jivu. Minye nilichunga moto. Mama alikaa kwenye mukeka wake karibu na kuni, amefunga kitambaa cheupe cha ufiwa, na dawa yake ya presha ndani ya kikombe.

Kwetu rezo ni dhaifu. Yaya alikuwa anatembea mpaka Mulongwe, anasimama kwenye mawe ya ukingo, ananyoosha mukono na telefone juu ya maji. Mara anapata mustari mumoja wa rezo, ujumbe unaingia, kisha inapotea. Kule walikuwa wanamuuliza: unafika lini? Anarudi nyuma, anashuka mpaka Kalimabenge, hakuna kitu. Anarudi tena. Vijana wa kuosha pikipiki mutoni walimuzoea.

“Yaya, vuka tu! Polisi haiko!”

“Maji hayafike hata ku magoti, sister. Unaogopa mamba?”

Siku moja nilikuwa nyuma yake na ndoo. Alivua sandali moja, akaweka kidole cha muguu karibu na maji, bila kugusa. Kisha akavaa sandali yake.

“Unaamini kama kifo kitafuata?” nilimuuliza.

“Siamini.”

“Basi?”

“Mama anaamini. Presha yake ikipanda siku moja, hata kama minye niko Ubelgiji ao mwezini, atakufa akijua ni minye. Na weye pia utajua.” Akachota ndoo yangu. “Mulango ungekuwa na kufuli ningetafuta funguo. Huu hauna hata mulango.”

Mwezi wa kenda ulikuwa unaisha wakati Naomie alifika. Ni mwanamuke wa Runingu anayeleta mihogo. Alishusha mugongoni mzigo wake, akakunywa maji, akatuambia alichotumwa na baba mukubwa. Gaspard alikuwa amejaribu kuja. Walimurudisha kwenye kizuizi, wakamunyanganya fimbo yake. Neno lake lilikuwa hili: “Wasizime bila minye. Bruno na minye ni tumbo moja. Njia ikifunguka nitakuja hata kwa kutambaa.”

Hakuna aliyeweza kumukasirikia. Hiyo njo ilikuwa mubaya zaidi.

Kesho yake, tukitoka kwenye misa ya karibu, ile isiyo na muto wa kuvuka, shangazi Ernestine alitukalisha uwanjani. Yaya alikuwa amejitayarisha. Nilimuona midomo ikitembea njiani, kama anakariri.

“Shangazi, nauliza kwa heshima. Hii sheria ya maji, nani aliitunga?”

“Wakubwa.”

“Wakubwa gani? Juu ya nini? Sheria ikiwa imezeeka, watu wanaweza kuiangalia upya. Kama faida yake imekwisha, inabaki inafunga watu bure.”

“Hayo njo umesoma kwa mabidon?”

“Ndiyo, shangazi. Hayo njo.”

Nilifikiri shangazi atamutukana. Alitazama moto, akasogeza kuni kwa muguu.

“Nyanya yangu,” akasema. “Muzazi wa baba yetu. Bwana yake alikufa, watoto wakalia, wakazika, kisha kila mumoja akavuka muto Ruzizi kutafuta kazi ya pamba. Kila mumoja alifikiri mwenzake amebaki. Mvua ikaanguka, moto ukazima. Waliporudi walimukuta kando ya majivu. Alikuwa amekauka kama samaki. Hakuna aliyejua amekufa siku gani. Njo wakasema: hakuna mutoto atavuka maji tena mpaka mukubwa ahesabu watu wote, azime moto na mukono wake. Ni juu ya mujane, mama. Asiachwe peke yake. Sasa nipe upya wako.”

Yaya alikuwa amekuja kupigana na sheria ya upumbavu, akakuta nyingine.

“Ni sheria nzuri,” akasema polepole.

Akaingia ndani. Nilipomufuata nilimukuta anatoa nguo kwenye valizi, anazirudisha kwenye kamba moja moja, bila kulia. Alipofika kwenye koti la baridi alilopewa na wenzake wa kazi, hakujua aliweke wapi. Kwetu hakuna mahali pa koti kama lile. Akalishika tu mukononi.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka kwenye mukeka. Mama si muntu wa maneno. Lakini asubuhi iliyofuata, nikiwa nachochea moto, alikuja na mbabula yake ndogo, jiko la makaa la kupikia sombe. Akachuchumaa. Akachagua makaa yaliyo mekundu, akayapanga ndani kama anapanga mayai.

“Agnès, unafanya nini?” Shangazi alikuwa ametoka na muswaki mudomoni.

“Wifi, ulisema mujane asiachwe peke yake. Akae na moto, na watoto wasimukimbie. Njo sheria?”

“Njo sheria.”

“Basi minye naenda kukaa Kavimvira kwa Iradukunda. Naenda na moto. Laure ananifuata nyuma. Nani ameachwa?”

Shangazi alitema dawa ya meno. “Na Ruzizi, muto wa mupaka? Atavuka Ruzizi na moto gani?”

“Minye nitakaa na moto mbele ya Ruzizi, namutazama akivuka. Hanikimbie. Namutuma.”

Yaya alikuwa amesimama mulangoni na kitenge cha kulalia. “Mama, hapana. Utalala wapi kwa watu? Na dawa yako?”

“Dawa inauzwaka Kavimvira pia.”

“Utatoka ndani ya nyumba yako juu yangu?”

“Weye umekaa ndani yake juu yangu,” Mama akasema. “Leta valizi.”

Shangazi alizunguka ule moto. Tulimungojea. Ni yeye aliyekuwa mukubwa pale, na kama angesema hapana, Mama angerudisha makaa. Alisimama mbele yangu na Chadrack, akatutazama kama anatupima.

“Hawa wanabaki na moto wa huku, na minye,” akasema. “Lakini sikia, Agnès. Umekata kilio vipande viwili. Ukivuka, haurudi. Hauvuke tena kuja huku mpaka kaka Gaspard afike, azime yote miwili siku moja. Mumoja hauzimwe peke yake.”

“Mapacha,” Mama akasema.

Tangu Baba afe hakuna aliyekuwa ametamka neno lile. Shangazi alicheka kidogo puani, kisha akageuka haraka, akasema moshi unamuumiza macho.

Tukawasindikiza mpaka daraja la Mulongwe, si zaidi. Mama alitangulia na mbabula kichwani juu ya kata, moshi mwembamba ukimufuata. Yaya alikuwa nyuma yake na valizi, koti la baridi amelivaa katika jua lile kwa sababu halikuingia. Motari mumoja, kijana wa pikipiki, akapunguza mwendo.

“Mama, unapeleka chai Bujumbura?”

“Napeleka moto.”

Yule kijana aliona kitambaa cheupe. Akazima pikipiki yake katikati ya daraja, akavua kasketi, akangoja wapite. Waliokuwa nyuma yake walipiga honi, akawaonyesha mukono, wakanyamaza.

Mama hakugeuka. Yaya aligeuka. Alifika ngambo, akasimama pale watu wanauza ndizi, akatuangalia. Alikuwa anavuta hewa kwa mudomo kama muntu aliyetoka ndani ya maji. Nilifikiri ataonekana mwenye furaha. Alionekana kama muntu aliyeiba kitu akakuta mwenyewe ndiye aliyemufungulia mulango.

Alifika kule siku moja kabla ya masomo kuanza. Mama Iradukunda njo alituma habari.

Sasa tuko katika mvua. Nimefunika moto wetu na bati, nalisha kuni mbili asubuhi na mbili jioni. Chadrack hajarudi shuleni. Naomie hajaonekana tena, na wengine wanaotoka uwanda wanasema njia ya Runingu imefungwa hata kwa wanawake. Ngambo, Mama anakaa nyuma ya mwavuli, juu ya bidon ile ile ya yaya, na mbabula miguuni. Anauza unite rafiki yake akiwa amepumzika. Usiku mbabula inaingia chumbani, Mama Iradukunda anakohoa na anaivumilia.

Siku za soko shangazi anapika sombe na ndagala, namna Mama anapenda, na minye napeleka. Natembea mpaka katikati ya daraja la Mulongwe. Ni pale njo mwisho wangu. Naweka sahani chini kando ya chuma cha ukingo, imefunikwa na kitambaa, narudi nyuma. Kisha Mama anakuja kutoka ngambo, anafika katikati, anaitwaa, anaweka sahani ya zamani iliyooshwa. Hatugusane. Kama mumoja wetu amechelewa, sahani inangoja peke yake. Malori yanaikwepa. Siku moja mutoto wa barabarani aliinama kuifunua, mwanamuke wa ndizi akamupigia kelele: “Acha! Hiyo iko na mwenyewe.” Akaacha.

Leo Mama alikuwa na habari. Alisimama kwenye mwanzo wa daraja, akapaza sauti juu ya maji, kwani Mulongwe umejaa na unanguruma.

“Laure amepita mutihani wa kwanza!”

“Asante Mungu!”

“Anasema kule nyumbani hawawashe moto! Joto inatoka ku ukuta!”

“Ku ukuta?”

“Ku ukuta, namna hii! Anasema analala amegeukia ukuta!” Mama akajikumbatia kuonyesha namna ya kulala. Watu wa ndizi wakacheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. “Anauliza kama Gaspard amefika!”

“Bado!”

“Nimujibu nini?”

Nilitazama sahani pale katikati. Matone ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka juu ya kitambaa.

“Mujibu asome!” nikapaza sauti.

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaja, akatwaa sahani yake, akasimama kidogo pale mwisho wake na wangu unapokutana, anatazama upande wa nyumbani, juu ya mabati, kama anatafuta moshi. Mvua ikaongezeka. Tukageuka wote wawili, kila mumoja akakimbilia moto wake.